Kuhiji Liverpool: Shabiki wa Beatles Anatafuta Nini Mjini kwa Watu?

Ukimwambia mwanachuo mwenzako kwamba Jumamosi unakwenda Liverpool, atakuuliza swali moja tu: mechi na nani? Mimi niliulizwa hivyo na Mtanzania mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye Manchester mwaka 2023, nilipokuwa huko muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilipomjibu kwamba sina tiketi ya mechi, nakwenda kuona nyumba walizokulia vijana wanne wa bendi iliyovunjika mwaka 1970, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani nauli yote hiyo kwenda kuangalia milango ya watu?"

Alikuwa anatania, lakini swali lenyewe si la kijinga. Muziki wa Beatles uko kwenye simu yangu. Niliujua Tanga, kwenye kaseti ya mjomba iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, hata gitaa likawa linasikika kama liko chumba cha pili. Sikuhitaji kwenda Uingereza ili niusikie. Sasa kwa nini mimi, na maelfu ya wengine kutoka Japani, Marekani na Brazili, tunakwenda kusimama mbele ya milango ya watu? Makala hii inajaribu kumjibu rafiki yangu, na wewe msomaji ambaye pengine unajiuliza hivyo hivyo.

Kutalii, kuzuru na kuhiji

Lugha yetu inatusaidia hapa. Mtalii anakwenda mahali kwa sababu ni pazuri: ufukwe, mlima, simba. Anayezuru anakwenda kwa sababu ya mtu, kama wazee wa pwani wanavyozuru makaburi ya masharifu. Huenda kaburi lenyewe likawa la kawaida kabisa, limeota nyasi, lakini aliyelala pale ndiye aliyewatoa nyumbani. Naomba radhi kwa wenye dini zao, kwa sababu hija ni neno zito. Lakini shabiki anayekwenda mji wa bendi yake yuko karibu zaidi na mzuru kuliko mtalii. Haendi kuona kizuri. Anakwenda kuthibitisha kwamba kile alichokipenda kwa mbali kilitoka mahali halisi, kwa watu halisi, waliokuwa na mtaa, kituo cha basi na mama wa kuwaita waje kula.

Ndiyo maana mahali penyewe pakiwa pa kawaida, hija inanoga zaidi. Hilo nililigundua njiani.

Kwa nini Liverpool?

Kutoka Manchester hadi Liverpool ni kama kilomita 50, na reli inayounganisha miji hiyo ilifunguliwa mwaka 1830. Treni inakushusha Lime Street, katikati ya mji, na ukitembea kuteremka unafika kwenye mto Mersey. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu bila bandari ile hakuna Beatles.

John Lennon na Ringo Starr walizaliwa mwaka 1940, Paul McCartney mwaka 1942, na George Harrison mwaka 1943. Ni watoto wa vita. Mji wao ulipigwa mabomu ya Wajerumani, na walikua wakichezea kwenye vifusi. Walipofika umri wa ujana mambo kadhaa yalikutana. La kwanza ni skiffle, muziki uliovuma Uingereza mwaka 1956, ambao haukuhitaji pesa: gitaa la bei poa, ubao wa kufulia nguo, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, mti na kamba. Kama uliwahi kutengeneza gitaa la galoni ukiwa mtoto, unaelewa. Bendi ya kwanza ya Lennon, Quarrymen, ilianza hivyo.

La pili ni jeshi. Vijana wa Kiingereza walikuwa wanalazimishwa kulitumikia jeshi, lakini utaratibu huo uliondolewa na waliozaliwa kuanzia Oktoba 1939 hawakuitwa. Kwa hiyo wote wanne walinusurika. Wangechukuliwa mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, bendi isingepata hata miaka miwili ya kukaa pamoja.

La tatu ni chuo. Mwaka 1957 Lennon aliingia chuo cha sanaa cha Liverpool, na shule ya McCartney na Harrison ilikuwa mlango wa pili. Walikuwa wakikutana mchana kupiga gitaa. Lennon mwenyewe masomo yalimshinda na akaondoka bila cheti. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, alidisko. (Tafadhali usiitumie kama utetezi mbele ya mkuu wa idara.) Jengo la shule ile leo ni sehemu ya chuo cha sanaa za jukwaani, ambacho McCartney alisaidia kukianzisha na kilifunguliwa mwaka 1996.

La nne ni santuri kutoka Marekani. Waongozaji wa wageni wanapenda kusimulia kwamba mabaharia wa Liverpool ndio waliokuwa wakizileta kutoka New York. Hadithi ni tamu, ila vijana hawa santuri nyingi walizipata kwenye duka la familia ya Brian Epstein, ambaye baadaye akawa meneja wao. Muhimu ni kilichokuwa ndani ya santuri hizo: Chuck Berry, Little Richard, Arthur Alexander, Shirelles. Wengi wa waliowafundisha Beatles kazi walikuwa Wamarekani weusi. Tuliweke hilo kiporo, tutalirudia.

Milango niliyoiona

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoweka nafasi. Nyumba ya utotoni ya Lennon, iitwayo Mendips, iliyoko Menlove Avenue, na ile ya McCartney, namba 20 Forthlin Road, ziko chini ya National Trust, taasisi inayotunza urithi wa Waingereza. Mendips ilinunuliwa na Yoko Ono, mjane wa Lennon, mwaka 2002, akaitoa kwa taasisi hiyo. Huwezi kugonga hodi tu ukaingia. Kuna ziara maalumu ya basi dogo inayochukua watu wachache, na ndani hakuna kupiga picha. Mimi nilifika kichwakichwa kama ninayekwenda sokoni. Nikabaki nje ya uzio.

Nikashukuru baadaye. Nyumba ya McCartney ni moja katika mstari wa nyumba za serikali ya mtaa, zote zinafanana, kama nyumba za shirika unazozijua wewe. Jirani alikuwa anatoa takataka. Mtoto alipita na baiskeli bila hata kunitazama. Mtu aliyeduwaa mbele ya nyumba ile si habari kwake. Nilisimama pale nikikumbuka nilichokisoma: familia ilihamia hapo mwaka 1955, na mwaka uliofuata mama yake Paul, aliyekuwa muuguzi, akafariki kwa saratani ya matiti. Paul alikuwa na miaka 14. Mwaka 1958 mama yake John naye aligongwa na gari pale pale Menlove Avenue, akitoka kumtembelea dada yake. Vijana wawili wasio na mama wakawa wanajifungia sebule ile, wanaandika nyimbo kwenye daftari la shule.

Haya yote nilikuwa nayajua. Yako kwenye kila kitabu. Lakini kwenye kitabu unasoma "walikulia maisha ya kawaida" na unapita. Pale uzioni niliona jinsi sebule ilivyo karibu na barabara, nikaelewa kwamba kila walichopiga majirani walikisikia. Hiyo ndiyo faida ya hija: inabadilisha unachokijua kuwa kitu chenye ukubwa wa sebule.

Kutoka hapo nilikwenda Woolton, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Tarehe 6 Julai 1957 kulikuwa na sherehe ya kanisa, Quarrymen wakapiga, na rafiki wa pande zote mbili akawakutanisha John wa miaka 16 na Paul wa miaka 15. Karibu na hapo kuna lango jekundu la Strawberry Field, kilichokuwa kituo cha watoto cha Jeshi la Wokovu, ambacho Lennon alikuwa akienda kucheza kwenye viwanja vyake. Kituo kilifungwa mwaka 2005, na mwaka 2019 eneo likafunguliwa kwa wageni. Kisha Penny Lane, barabara ya maduka na kituo cha mabasi. Vibao vya jina la mtaa huo viliibwa na mashabiki mara nyingi kiasi kwamba halmashauri ikaona bora iandike jina kwa rangi ukutani. Mahujaji nao wana wezi wao.

Masalia ya kweli na ya uongo

Kila hija ina masalia yake, na si kila salio ni la kweli. Nitoe mifano miwili.

Cavern Club, ukumbi wa chini ya ardhi mtaa wa Mathew, ndiko Beatles walikopiga mara 292 kati ya mwaka 1961 na 1963. Wageni wanashuka ngazi, wanagusa matofali, wengine wanalia. Lakini ukumbi wenyewe ulifungwa mwaka 1973 ili reli ya chini ya ardhi ipate njia ya hewa, ukafukiwa, na njia hiyo ya hewa haikujengwa kamwe. Unaoingia leo ulijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1984, juu ya sehemu ya eneo lile lile, kwa kutumia baadhi ya matofali ya zamani.

Pili, kwenye makaburi ya Woolton kuna jiwe lenye jina la Eleanor Rigby, aliyefariki mwaka 1939. Watu wanapanga foleni kulipiga picha kwa sababu ya wimbo wenye jina hilo wa mwaka 1966. McCartney mwenyewe amesema Eleanor alimtoa kwa mwigizaji waliyefanya naye kazi, na Rigby kwenye jina la duka mjini Bristol. Amekubali pia kwamba huenda aliliona jiwe lile utotoni likabaki kichwani bila yeye kujua.

Je, hii ina maana tunadanganywa? Sidhani. Matofali ya Cavern yanaeleza ukweli wa aina nyingine: kwamba mji uliozaa bendi kubwa kuliko zote uliuzika ukumbi wake kwa mikono yake, ukaja kushtuka baadaye. Lennon aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Ni baada ya hapo watu walipoanza kumiminika kwa wingi, na Liverpool, ambayo wakati huo bandari yake ilikuwa inakufa na vijana hawana kazi, ikaanza kuuthamini urithi iliokuwa imeutupa. Leo kuna jumba la makumbusho ya Beatles bandarini tangu mwaka 1990, uwanja wa ndege una jina la John Lennon, sanamu za wanne wale zimesimama kando ya mto tangu mwaka 2015, na mwaka huo huo UNESCO iliutambua mji huo kuwa Mji wa Muziki.

Upande wa pili wa bahari

Sasa tule kile kiporo. Hatua chache kutoka kwenye jumba la Beatles, kwenye magati yale yale ya Albert Dock, kulikuwa na jumba lingine la makumbusho: la utumwa. Lilifunguliwa mwaka 2007, na mwaka 2025 likafungwa kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Nilipokwenda lilikuwa bado wazi. Kwenye jumba la Beatles nilipanga foleni. Huku niliingia moja kwa moja.

Meli ya kwanza ya watumwa inayojulikana kutoka Liverpool iliondoka mwaka 1699. Mpaka Waingereza walipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, meli za Liverpool zilikuwa zimewabeba Waafrika wapatao milioni 1.5, wengi kutoka pwani ya magharibi, kwenda visiwa vya Karibi na Amerika. Benki, maghala na majumba mengi ya fahari ya mji ule yana mkono wa pesa hizo. Mitaa kadhaa ina majina ya wafanyabiashara hao. Hata Penny Lane ilishukiwa: kulikuwa na mfanyabiashara wa utumwa aitwaye James Penny, na mwaka 2020 vibao vya mtaa huo vilipakwa rangi. Jumba la makumbusho lilifanya utafiti likasema halijapata ushahidi kwamba mtaa uliitwa kwa jina lake. Lakini mitaa mingine haina utetezi huo.

Kwa kweli nilikaa kwenye benchi pale nje muda mrefu. Nilikuja kwa mapenzi, nikakuta nasimama katika mji ambao mtu mwenye sura kama yangu alihesabiwa kama gunia. Ningefanya nini? Nivue fulana ya Beatles?

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Bahari ile ile ilipeleka Waafrika Amerika. Kule, ndani ya mateso, vizazi vyao vikazaa blues, na blues ikazaa roki. Kisha santuri zikavuka bahari kurudi Liverpool, kwa vijana wanne ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa dhambi ile, nao wakazipenda mpaka wakazikariri. Kwa hiyo niliposikia kaseti ya mjomba kule Tanga, sikuwa nasikia kitu cha Wazungu peke yao. Nilikuwa nasikia kitu kilichozunguka dunia na kurudi Afrika kwa mlango wa nyuma. Hilo haliifuti ile milioni 1.5. Linanikataza tu kuziona hizo mbili kama hadithi mbili tofauti.

Na kuna mtu mmoja ningependa mahujaji wamjue. Harold Phillips, kwa jina la usanii Lord Woodbine, alikuwa mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad aliyefika Uingereza mwaka 1948 kwa meli ya Empire Windrush. Liverpool aliendesha vilabu pamoja na Allan Williams, na aliwapa Beatles nafasi za kupiga wakati hawana jina. Mwezi Agosti 1960 alikuwa ndani ya gari lililowapeleka Hamburg, Ujerumani, ambako kupiga saa nyingi kila usiku ndiko kulikowakomaza. Yumo kwenye picha maarufu waliyopiga njiani, Arnhem. Siku ile nilizunguka na basi la watalii saa mbili nzima na sikusikia jina lake. Weusi wa Liverpool ni jamii ya zamani sana, mtaa wao wa Toxteth uko jirani kabisa na Dingle alikozaliwa Ringo, na bado njia ya hija inaweza kupita kando yao bila kupunguza mwendo.

Ndiyo maana nasema: hija bila maswali ni ununuzi wa fulana tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kuna faida nyingine ya safari kama hii, nayo ni kukuonesha kwenu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Liverpool imepona kwa wageni: hoteli, madereva teksi, waongozaji, bendi changa zinazopiga Cavern kila siku. Sisi je?

Zanzibar tayari tunapokea mahujaji. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Tangu mwaka 2019 kuna makumbusho yake Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni kama nilivyofanya mimi Forthlin Road. Hata Beatles wamegusa ukanda wetu: Novemba 1966 McCartney alikuja Kenya mapumzikoni, na ni kwenye ndege akirudi London alipopata wazo lililozaa albamu ya Sgt. Pepper ya mwaka 1967.

Lakini mfikirie Morogoro. Mji mmoja ulimtoa Salum Abdallah na Cuban Marimba, ukamtoa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Jina Cuban Marimba linakuambia kila kitu: santuri kutoka Kuba, muziki wa wazao wa watumwa, zilivuka bahari zikatua kwetu kama zile za Marekani zilivyotua Liverpool. Ni hadithi ile ile. Tofauti ni kwamba mtu akishuka leo stendi ya Msamvu akataka kuhiji, nani atamwonesha ukumbi waliopiga, au mtaa walioishi? Wenye kukumbuka ni wazee, na wazee hawatungojei.

Nalisema hili kwa wanachuo kwa sababu ni kazi tunayoiweza. Wewe wa historia unatafuta mada ya tasnifu, wewe wa utalii unatafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, wewe wa sanaa unalalamika hakuna mradi. Kalamu, simu ya kurekodi na nauli ya basi vinatosha kuanza. Liverpool iliufukia ukumbi wake mwaka 1973 na ikaufukua baada ya miaka 11. Hata sisi hatujachelewa, ila tukiendelea kungoja tutakuja kuchelewa kweli.

Ukitaka kwenda

Kwa atakayepata bahati ya kufika Liverpool: weka nafasi mapema kwa nyumba za National Trust, usirudie kosa langu. Tembea kwa miguu mjini, panda basi la kawaida kwenda Woolton. Kumbuka milango mingine ni ya watu wanaoishi, usichungulie madirisha. Na siku moja igawe: nusu kwa Beatles, nusu kwa gati na historia yake.

Niliporudi nilikwenda Tanga kumsalimu mjomba. Nilimpelekea picha ya ile nyumba ya Forthlin Road. Aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mbona kanyumba kadogo hivi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, mjomba, hakuna nyingine. Akacheka, akaniambia nimtafutie redio yenye mkanda, maana ya kwake imekufa na kaseti bado anayo.